Tumeona nyumba tisa, hakuna hata moja tunayokubaliana

SWALI

Washauri wa safu ya makazi, habari za kazi.

Mimi ni muuguzi katika hospitali moja hapa Upanga, Dar es Salaam, mume wangu anauza vipuri Kariakoo upande wa Gerezani. Tuna mtoto wa miaka minne, na tunaishi na mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua. Yeye ndiye anayebaki na mtoto tukiwa kazini. Tumepanga Mwananyamala miaka mitano, lakini mkataba ukiisha mwisho wa Mei mwenye nyumba anataka nyumba yake, anampa mwanawe anayeoa.

Wiki tano sasa tunazunguka na madalali, kila safari shilingi 20,000 ya kuonyeshwa. Tumeona nyumba tisa, zimebaki tatu, na kwa hizo tatu hatuelewani. Mume wangu anaitaka ya Mbezi, ndani kuelekea Makabe: nyumba nzima, vyumba vitatu, uwanja wa kutosha, 250,000 kwa mwezi. Tulikwenda Jumapili, ikatuchukua saa moja na dakika kumi, na nauli ilikuwa 1,700 kila mmoja kwa safari moja, pamoja na bodaboda ya ndani humo. Mimi naipenda ya Kigogo, vyumba viwili na sebule, taili, jipsamu, rangi mpya, 280,000, tena ni karibu na kazini. Luku, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ni ya pamoja, wapangaji wanne. Ya tatu iko Tabata, ghorofa ya kwanza juu ya maduka, vyumba viwili na sebule, Luku ya kwetu, nauli 700, lakini wanataka 320,000 na haina uzuri wowote. Hiyo hakuna anayeililia.

Wote wanataka kodi ya miezi sita. Tuna 2,400,000 mkononi. Mume wangu yuko kazini siku 26 kwa mwezi, mimi siku 22 kwa zamu, pamoja na za usiku. Tumefika mahali tukianza kuzungumzia nyumba tunaishia kununiana. Tuamueje?

Muuguzi, Mwananyamala

JIBU

Dada yetu, pole na mizunguko. Tuanze na hesabu, maana inaondoa nusu ya ubishi, halafu tuje kwenye lile ambalo barua yako imelipita haraka.

Mna 2,400,000. Humo mtalipa kodi ya miezi sita na mwezi mmoja wa dalali, yaani kodi mara saba. Kabla ya kugawa, tengeni 300,000 isiyoguswa: kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ya kuhamisha vyombo na vijana wa kubeba, vitasa vipya, fundi wa siku ya kwanza, na chakula cha wiki ambayo jiko bado limefungwa kwenye boksi. Inabaki 2,100,000. Gawa kwa saba, unapata 300,000. Hicho ndicho kikomo chenu. Tabata kwa 320,000 inakizidi kwa 140,000 jumla, kwa hiyo ama mwenye nyumba ashuke, ama akubali miezi mitano kwanza. Mambo yote mawili huzungumzika, hasa nyumba ikiwa imekaa tupu. Muulize muuza duka wa chini imekaa tupu tangu lini. Nyumba iliyokosa mtu kwa miezi miwili ina mwenye nyumba anayesikiliza.

Sasa nauli. Makabe ni 1,700 kwenda na 1,700 kurudi, 3,400 kwa siku. Baba siku 26 ni 88,400. Wewe siku 22 ni 74,800. Jumla 163,200 kwa mwezi. Tabata, kwa 1,400 kwa siku, baba ni 36,400 na wewe 30,800, jumla 67,200. Jumlisha na kodi: Makabe inasimama kwenye 413,200, Tabata kwenye 387,200. Nyumba ya 250,000 imewazidi gharama kwa 26,000 kila mwezi, na hapo hatujahesabu bodaboda ya usiku, ambayo haina bei ya mchana. Tunamwelewa baba anapotaka uwanja na chumba cha tatu, ni haki yake kuvitaka. Ila asivitake kwa kuamini kwamba ni rahisi.

Na ile saa moja na dakika kumi mliipima Jumapili. Barabara ya Morogoro ya Jumapili si ya Jumatatu. Kabla Makabe haijakubaliwa wala kukataliwa, mmoja wenu akasimame mlangoni kwa nyumba hiyo siku ya kazi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, aanze safari hadi kazini akiwa na saa ya simu. Hesabu inaanza mlangoni, isianze kituoni. Mtu akiambiwa “kituo ni hapo tu” husahau kwamba hapo tu ni dakika kumi na tano za tope mwezi wa Aprili. Jioni arudi, aangalie bodaboda wanapatikana hadi saa ngapi, na kama taa zipo njiani. Kwako wewe unayetoka zamu usiku, hicho ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote. Ulizeni pia geti linafungwa saa ngapi na nani ana funguo. Kuna nyumba nzuri kabisa ambazo mwenye nyumba anaishi humo humo na geti linafungwa saa nne usiku. Kwa muuguzi, nyumba hiyo ni ugomvi wa kila mwezi hata kama kila kitu kingine kimetimia.

Tuje Kigogo, na hapa tunasema bila kuzunguka: taili na jipsamu visikufumbe macho. Tunaandika masika yakiwa yanaendelea, nawe una bahati ya kutafuta nyumba katika miezi ambayo nyumba haiwezi kudanganya. Kigogo ina sehemu za juu na sehemu zinazoteremkia Mto Msimbazi, na hatujui yako iko wapi. Rudi siku moja baada ya mvua kubwa, bila dalali. Angalia rangi mpya imepakwa ukuta mzima au imekazwa zaidi kutoka sakafuni hadi usawa wa goti. Pitisha kiganja nyuma ya mlango na pembeni mwa kabati la jikoni, mahali fundi rangi hupita haraka. Ukiona rangi imevimba kama malengelenge, au chumvi nyeupe inachanua kwenye plasta, huo ukuta unanyonya maji. Kisha toka nje uangalie majirani, maana wao hawajapaka rangi kwa ajili yako: vizingiti vya milango vilivyojengewa tofali moja au mbili juu, viroba vya mchanga pembeni ya ngazi, friji iliyopandishwa kwenye matofali ndani ya sebule. Friji juu ya tofali ni ushahidi wa kutosha. Hakuna anayepandisha friji kwa urembo.

Kuna jambo la pili huko. Wakazi wa bonde la chini la Msimbazi wamekuwa wakilipwa fidia na kuhamishwa kwa ajili ya mradi wa kuliendeleza bonde hilo. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa uulize kama nyumba hiyo imo kwenye eneo lililopimwa. Fidia ya jengo ni ya mwenye jengo. Wewe utabaki unamfuata kwa kodi uliyotanguliza. Tena mto ukijaa, maji huwa yanakata njia pale Jangwani, na mtu wa Kigogo aliyejihesabia karibu na Upanga hujikuta anazunguka mbali.

Luku ya pamoja nayo tuipigie hesabu, kwa sababu watu huiona kama usumbufu tu wa kuchangishana. Mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi yuko kwenye kundi la 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Mteja wa kawaida analipa 292. Familia yenye friji ndogo, televisheni, feni na taa inaweza kuishi kwa uniti 60: ikiwa na mita yake kwenye kundi la chini, hiyo ni 6,000. Wapangaji wanne wa uniti 60 kila mmoja kwenye mita moja wanakuwa 240, wamevuka kikomo wote, na uniti zako zile zile 60 zinakuwa 17,520. Mnalipa karibu mara tatu, na hapo hakuna aliyeiba umeme. Mmoja akianza kupikia jiko la umeme au kuuza barafu, ndipo maneno yanaanza.

Hata kwenye Luku ya peke yako, kama ile ya Tabata, usilipe kodi kabla ya jaribio dogo. Chukua namba ya mita, nunua umeme wa 2,000 mbele ya mwenye nyumba, soma ujumbe ukirudi. Ukikatwa deni la nyuma utaliona hapo. Kodi ya jengo pia siku hizi hukatwa kwenye Luku kila mwezi. Hiyo ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo mkubaliane na iandikwe kwenye mkataba kwamba atawarudishia au itapunguzwa kwenye kodi ya pango.

Sasa lile ambalo barua yako imelipita. Umetuandikia anachotaka mume wako na unachotaka wewe. Mama mkwe umemtaja kwa magoti yake na kubaki na mtoto, basi. Hajaiona hata nyumba moja, au kama ameiona hukutuambia alisemaje. Lakini hesabu saa za siku: wewe na mume wako mnaondoka alfajiri na kurudi usiku, mkikaa sana nyumbani ni muda wa saa kumi na moja kwa siku, nyingi mmelala. Mama na mtoto wako humo saa ishirini na nne. Nyumba hii ni yao kwanza. Ninyi wawili mnabishania uwanja na taili, wakati anayeteka maji, anayemkimbiza mtoto asitoke barabarani, na anayepanda ngazi na kapu la sokoni, hajaulizwa.

Tunashauri hivi, na mfanye jioni moja mkiwa mmetulia. Kila mmoja achukue karatasi yake, mama naye. Kama hasomi, akae na mtu mwingine amwandikie, asiwe wewe wala mwanawe. Kwanza, kila mtu aandike wiki iliyopita ilivyokuwa kweli: ameamka saa ngapi, ametoka saa ngapi, ameteka maji wapi, mtoto amecheza wapi, kitu gani kimemchosha. Msiandike maisha mnayotamani. Ukianza na matamanio utaandika bustani, na mwaka mzima hamjakaa nje hata Jumapili moja. Wiki iliyopita haidanganyi.

Pili, kutokana na wiki hiyo, kila mmoja aandike mambo matatu tu ambayo yakikosekana hawezi kuishi humo. Matatu, yasizidi. Mkiandika kumi, kila nyumba itapata saba na kukosa matatu, na ubishi utaanza upya kuhusu ni matatu yapi, ndicho kinachowapata sasa. Tatu, pembeni ya karatasi kila mmoja aandike kitu kimoja anachokipenda lakini yuko tayari kukiachia. Karatasi zifunguliwe pamoja. Mara nyingi mtakuta mmeandika jambo lile lile kwa maneno tofauti: baba ameandika “uwanja”, mama ameandika “mtoto asitoke barabarani”. Kinachotakiwa hapo ni uzio na mlango unaofungika, si lazima ekari ya Makabe.

Mkipata orodha hiyo, ipitisheni kwenye chujio moja: jambo hili laweza kurekebishwa baada ya kuhamia, au haliwezekani? Rangi, kitasa, nyavu za madirisha, feni, bomba linalovuja, hata sinki la jikoni, hayo ni fundi na siku moja. Hayastahili kuamua nyumba, na ukiyaona yamekaa vizuri usiyalipie zaidi. Mahali nyumba ilipo, mwinuko wake, umbali wa barabara, chanzo cha maji, mita ya umeme, karo (shimo la maji machafu), ngazi na majirani, hivyo utaishi navyo hadi siku ya kuondoka. Kigogo imekuvutia kwa vitu vya kundi la kwanza. Tabata haina uzuri kwa vitu vya kundi hilo hilo.

Maji mmesahau kabisa kuyataja, na ndiyo yatakayomchosha mama kuliko kitu kingine. Watu wanne wanaooga kwa ndoo, kupika na kufua hutumia kama lita 50 kila mmoja, lita 200 kwa siku, yaani madumu kumi ya lita 20. Simtanki la lita 1,000 ni siku tano. Sasa waulize wapangaji wenzako, usimuulize dalali, maji ya bomba ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, hutoka siku zipi na kwa presha ya kufika juu au ya chini tu. Yakitoka mara moja kwa wiki, lita 1,000 hazifiki. Kwa ghorofa ya Tabata swali ni zito zaidi: tanki liko juu au chini, pampu ni ya nani, na umeme wa pampu unatoka kwenye mita ya nani? Kama jibu ni “mnapandisha kwa ndoo”, basi nyumba hiyo si ya mama mwenye magoti, na msiijadili tena. Kama Makabe ni kisima, osha mikono kwa sabuni ya mche pale pale. Povu likigoma, maji ni ya chumvi. Angalia ukoko mweupe mdomoni mwa bomba na ndani ya birika la mpangaji aliyetangulia. Hayo mtafulia na kuogea, ya kunywa na ya chai mtanunua, hivyo bei ya madumu iingie kwenye hesabu ya mwezi.

Na karo. Mimina ndoo mbili za maji chooni kwa mkupuo. Maji yakipanda kwanza ndipo yashuke polepole, huenda shimo limejaa, na masika yakiongeza yatarudi ndani. Ulizeni gari la kunyonya mara ya mwisho limekuja lini na nani analipa. Hili nalo liandikwe kwenye mkataba.

Mkishafika kwenye nyumba mnayoielekea, mwoneni mwenye nyumba mwenyewe, uso kwa uso, na mpite ofisi ya serikali ya mtaa kuhakikisha ndiye. Nyumba moja kukodishwa kwa watu watatu ndani ya wiki moja si hadithi ya kutungwa hapa mjini, na huwapata hasa wanaoharakishwa na “kuna mtu anakuja kulipa jioni”. Dalali apewe mwezi wake siku mkataba unaposainiwa na funguo ziko mkononi, si kabla. Kodi ipite benki au kwenye simu, ili karatasi ibaki.

Mtazamo wetu kwa zile tatu: Kigogo iondoeni, isipokuwa iko sehemu ya juu, imepita jaribio la mvua na mwenye nyumba amekubali kuweka Luku yenu. Makabe isubiri safari ya alfajiri ya siku ya kazi, tena mfanye ninyi wawili, siku tofauti. Tabata msiamue ninyi. Mpelekeni mama Jumamosi asubuhi, apande ngazi zile kwa mwendo wake, ashuke, apumzike, apande tena akiwa na mfuko wa kilo tano mkononi. Angalieni kama kuna mkono wa kushikia na kama vidato viko sawa. Baada ya hapo muulizeni, nanyi mkubali atakachosema. Tabata nako kuna mabonde, kwa hiyo hata ghorofani ulizeni maji ya mvua hufika wapi, maana ngazi huanzia chini.

Ngazi zikimshinda, msirudi kwenye Makabe kwa kukata tamaa. Mna wiki kadhaa hadi mwisho wa Mei. Tafuteni ya nne, ya chini, upande ule ule wa Tabata au Ubungo, lakini safari hii msitoe 20,000 kabla dalali hajajibu ujumbe. Mtumieni hivi, kwa maandishi, mkibadilisha kulingana na karatasi zenu:

“Tunatafuta nyumba ya chini isiyo na ngazi, vyumba viwili na sebule, choo ndani. Luku ya peke yetu. Si bondeni. Maji ya DAWASA na tanki. Kituo kisizidi dakika kumi kwa mguu. Geti tuwe na funguo zetu, mmoja anafanya zamu za usiku. Kodi isizidi 300,000, miezi sita. Tuma picha ya mita, ya tanki na ya barabara ya kuingilia. Kama limekosekana moja, usitupeleke.”

Atakayetuma picha ya sebule peke yake, mwacheni.